Kiti cha bwerere ndegeni: Wanaopata ni nani, na wewe uko wapi kwenye foleni?

Video zenyewe ushaziona TikTok. Jamaa yuko kaunta ya uwanja wa ndege, kavaa koti safi, anamtabasamia mhudumu na kumwambia leo ni siku yake ya kuzaliwa. Sekunde kumi baadaye yuko mbele kabisa ya ndege, amenyoosha miguu, glasi mkononi. Ati kapandishwa daraja bure! Chini ya video watu wanaomba wapewe siri.

Siri yenyewe haina utamu huo. Mhudumu wa kaunta, hata umchekeshe vipi, kwa kawaida hana kiti cha kugawa. Anayegawa ni kompyuta, na kompyuta haioni koti lako. Inaangalia wewe ni mwanachama wa ngazi gani katika mpango wa zawadi wa shirika hilo, tiketi yako ni ya bei gani, halafu mkilingana inaangalia nani alitangulia. Siku ya kuzaliwa haimo.

Mchezo huu una kwao, na kwao ni Marekani. Mnamo Mei 1, 1981, shirika la American Airlines lilianzisha mpango wa AAdvantage, na United wakafuata na wao mwezi huohuo. Serikali ilikuwa imeacha kupanga nauli mwaka 1978, mashirika yakawa yananyang'anyana abiria, na kila moja lilitaka mteja arudi kwake. Mwanzoni zawadi ilikuwa tiketi ya bure. Baadaye likaja la viti: mteja wa mara kwa mara alipewa nafasi iliyobaki wazi daraja la mbele bila kulipa hata senti.

Chukua mfano wa Delta leo. Wanachama wake wamepangwa ngazi nne: Silver, Gold, Platinum na Diamond. Viti vya mbele ambavyo havijanunuliwa kwenye safari za ndani ya Marekani huanza kugawiwa Diamond na Platinum saa 120 kabla ya ndege kuondoka. Gold wanaanza kufikiriwa zikibaki saa 72. Silver anasubiri hadi zibaki saa 24, yaani anafika mezani sahani zikiwa zinakusanywa.

Na kupanda ngazi hizo si kazi ya mkono mtupu. Tangu Januari 2024 Delta haihesabu tena umbali uliosafiri. Inahesabu pesa, ziwe za tiketi au za matumizi kwenye kadi za benki zinazoshirikiana nayo. Silver inataka dola 5,000 kwa mwaka. Diamond inataka dola 28,000, ambazo ukizibadilisha kwa Sh129 kwa dola zinapita Sh3.6 milioni. Hapo ni baada ya kupunguziwa! Walipotangaza mfumo huo Septemba 2023 walikuwa wamedai dola 35,000, wateja wakawaka, hadi mkurugenzi mkuu Ed Bastian akakiri kwamba huenda walikuwa wamepitiliza.

Lakini kinachowauma zaidi wasafiri wa Marekani ni kwamba viti vyenyewe havibaki. Zamani shirika lilifunga mlango wa ndege likiwa limeuza viti vichache vya mbele, vilivyobaki vikaenda kwa wateja waaminifu. Wakuu wa Delta wamewaeleza wawekezaji mara kadhaa jinsi hali ilivyogeuka: mwanzoni mwa miaka ya 2010 chini ya asilimia 20 ya viti hivyo ndivyo vilivyolipiwa, sasa ni zaidi ya asilimia 70. Waligundua kwamba abiria akipewa nafasi ya kuongeza dola kadhaa kwenye programu ya simu siku chache kabla ya safari, ataongeza. Kwa nini basi wampe mtu bure kitu ambacho mwingine yuko tayari kukilipia? Mimi kama ningekuwa mwenye ndege ningefanya hivyohivyo.

Kwa hivyo binamu yako aliye Minnesota akikutumia picha akiwa amekaa mbele kutoka Minneapolis kwenda Denver, usidhani ni bahati. Huyo ama analipiwa nauli na mwajiri wake kila wiki, ama alisafiri Jumamosi mchana, wakati watu wa mikutano wako nyumbani kwao na foleni ni fupi. Jumatatu asubuhi na Alhamisi jioni hata mwenye ngazi ya juu huenda akaishia kukaa katikati ya watu wawili.

Tena mwambie binamu asitarajie hayo akija nyumbani Desemba. Utaratibu huo wa bure uliwekwa hasa kwa safari za ndani na za karibu. Kwa safari ya kuvuka bahari, anayetaka kile kiti kinachogeuka kitanda hulazimika kutumia vyeti maalum wanavyopewa walio ngazi za juu pekee, au maili zake, au alipe.

Sasa turudi JKIA. Kenya Airways ina mpango wake unaoitwa Asante Rewards, na tangu 2010 ni mwanachama kamili wa muungano wa SkyTeam, wenye mashirika kama Delta, KLM na Air France. Ukisafiri sana unapata hadhi ya Elite, kisha Elite Plus, inayotambuliwa na mashirika yote ya muungano huo. Soma orodha ya manufaa polepole: foleni fupi ya kaunta, kupanda ndege mapema, mzigo wa ziada, na kwa Elite Plus ukumbi wa kupumzikia. Kupandishwa daraja bure hakumo kabisa. Watu wengi hufuata pointi miaka na mikaka wakisubiri kitu ambacho hawakuahidiwa na yeyote.

Ndege ya Dreamliner ya KQ ina viti 234, na 30 tu ndivyo vya daraja la biashara. Hata vikibaki kumi wazi, mashirika mengi nje ya Marekani hupendelea viende hivyohivyo vitupu. Mteja akizoea kupewa, mwaka ujao hatanunua. Na kuna wafanyakazi wa mashirika yenyewe, ambao husafiri kwa nafasi zilizosalia na wana foleni yao.

Je, mlango umefungwa kabisa? La. Kuna siku moja kompyuta hulazimika kuwa na huruma: siku tiketi zilizouzwa za daraja la kawaida zimezidi viti. Mashirika huuza za ziada makusudi kwa kuwa hujua baadhi ya abiria hawatatokea. Wote wakitokea, ni rahisi kuwasogeza wachache mbele kuliko kuwaacha nyuma na kuwalipa fidia. Wanaosogezwa ni wenye hadhi kwanza, kisha waliolipa nauli ya juu. Tazama tiketi yako, kuna herufi moja inayoonyesha aina ya nauli. Y ni nauli kamili ya daraja la kawaida. Ile ya bei ya kutupa uliyotafutiwa na ajenti wa River Road ina herufi yake pia, na kompyuta inaijua. Abiria aliye peke yake husogezwa kwa urahisi kuliko familia ya watano. Aliyeagiza chakula maalum mara nyingi hurukwa, maana sahani yake iko nyuma.

Njia nyingine ni ya pesa, ila kidogo. Siku chache kabla ya safari, mashirika mengi sasa hutuma barua pepe wakikualika mnadani: taja kiasi unachoweza kuongeza, ukishinda wanakata kwenye kadi. Minada mingi ya aina hiyo inaendeshwa na kampuni moja ya Montreal, Canada, inayoitwa Plusgrade. Kabla ya kubonyeza, soma kama bei ni ya kila mtu na kila mkondo wa safari, kwa sababu mara nyingi ndivyo ilivyo. Na tafadhali, ukienda London kupitia Amsterdam, usitupe hela kwenye kipande cha mwisho. Ndani ya Ulaya, kiti cha daraja la biashara huwa ni kilekile cha kawaida, wameacha tu cha katikati wazi na kukuletea chakula bora. Kama una akiba ya kuchezea, iweke kwenye mkondo mrefu wa usiku.

Ninachoona vijana wengi wakikosea ni hesabu ya kabla ya hapo. Mtu anakataa tiketi iliyopungua Sh20,000 ili abaki na shirika moja, eti anajenga hadhi, na yeye husafiri mara moja kwa mwaka kwenda chuo. Kwa safari moja hujengi chochote. Chukua tiketi ya bei nafuu. Ila jiandikishe kwenye mpango mmoja wa kila muungano, ni bure, na maili za tiketi hiyo zihifadhi. Ukipata kazi ya kukurusha kila mwezi, hapo ndipo hadhi inaanza kuwa na maana, na kwa Mkenya naona tunda lake tamu ni mzigo. Begi la pili la kilo 23, lenye unga, majani chai na viatu vya mama, lina faida kuliko saa nane za kulala chali.

Ikitokea jina lako limeitwa langoni, uliza kitu kimoja: ni bure au kuna malipo? Kwa ndege zinazoondoka Umoja wa Ulaya, au zinazoelekea huko zikiwa za mashirika ya Ulaya, kama KLM kutoka Nairobi, sheria namba 261 ya mwaka 2004 inakataza shirika likikuweka daraja la juu kukudai nyongeza. Sheria hiyohiyo inageuka upande wa pili: ukiwa umelipia mbele halafu wakushushe nyuma, kwa safari ndefu ya kilomita zaidi ya 3,500 hadi nje ya Ulaya wanapaswa kukurudishia asilimia 75 ya bei ya tiketi ndani ya siku saba. Ile pasi ya kwanza ya kupandia ndege, yenye namba ya kiti cha mbele, ipige picha kabla hawajaichukua.