Mama, ukiombwa kujaribu dawa mpya

Mama, rumatisimu ya viungo imevimbisha vidole vyako, na dawa ulizopewa hazikusaidia. Sasa munganga anakuomba uingie katika uchunguzi wa dawa mpya. Usiogope, lakini usiharakishe.

Uliza: Dawa hii inaweza kuniumiza namna gani? Nani atanitunza nikiumia? Mara nyingi wagonjwa wanagawanywa kwa kura: hawa dawa mpya, wale dawa ya zamani. Hauchague wewe.

Una mimba, ao unanyonyesha? Sema mbele ya yote. Metotrekisati, dawa ambayo wagonjwa wengi wa rumatisimu hii wanaimeza mara moja kwa juma, inaharibu mtoto tumboni.

Usitie kidole kwenye karatasi usiyoielewa. Ukikataa, ao ukitoka katikati, unabaki na haki ya kutunzwa kama mbele.