Fahamu: Kwa nini filamu ya harusi haikudumu kwenye televisheni

Mwaka 2002 filamu ya My Big Fat Greek Wedding ilivuna zaidi ya dola milioni 240 Marekani na Kanada. Mwaka uliofuata kituo cha televisheni cha CBS kikaigeuza kipindi cha vichekesho, My Big Fat Greek Life. Kikafa baada ya sehemu 7. Wapo wanaolaumu kukosekana kwa John Corbett, bwana harusi wa filamuni. Lakini mamilioni waliitazama sehemu ya kwanza bila yeye, ndipo wakakihama. Kasoro ni hadithi yenyewe: harusi ikishapita, mvutano wa familia mbili umekwisha. Kipindi cha M*A*S*H, cha hospitali ya vita, nacho kilitokana na filamu, kikadumu 1972 hadi 1983, kwani hospitali kama hiyo haikosi majeruhi. Waandishi wa Malindi, ambako Wagiriama na Waitaliano wameoana, basi watafute mvutano usiokwisha baada ya harusi: watoto watalelewa kwa mila za nani?