Kabla hujambebea mteja shisha kutoka nje, soma hii

Wenzangu wa biashara za mtandaoni, leo sina siri ya kupata wateja elfu moja. Nina hasara yangu, na nataka muisome bure kabla hamjailipia wenyewe.

Mimi nauza mapambo ya nyumba hapa Mombasa: taa za Kituruki, vyetezo, madele ya kahawa, zulia ndogondogo. Duka langu ni chumba kimoja, wateja wengi wananipata kwa simu. Safari yangu ya pili Dubai niliweka picha za soko la Deira kwenye stetasi. Nyuma ya taa zilionekana shisha zimepangwa mstari, za rangi zote. Jioni ile simu haikunyamaza. "Kaka, nibebee moja." "Mimi mbili, na tumbaku ya tofaa." Wanne wakanitumia arubuni ya elfu tatu tatu kwa M-Pesa. Elfu kumi na mbili mkononi kabla sijanunua kitu. Nikajiona mjanja.

Nikachukua shisha nne kwa dirham 120 kila moja, na kilo moja ya tumbaku ya ladha kwa dirham 100. Jumla dirham 580, kama elfu ishirini za kwetu. Nilipanga kuuza kila seti elfu tisa. Nikazifunga ndani ya zulia, nikaweka pamoja na taa.

Kufika nyumbani nikapita njia ya kijani, ile ya wasio na kitu cha kutangaza. Begi likapita kwenye mashine, nikaitwa pembeni. Alikuwa mama mmoja mtu mzima, mpole kabisa.

"Hii ni nini, mwanangu?"

"Ni mapambo, mama."

Akatoa lile boksi la tumbaku. "Na hii nayo unaitundika ukutani?"

Sikuwa na jibu. Shisha na tumbaku zikachukuliwa, nikapewa karatasi ya kuonyesha zimezuiliwa. Halafu kwa sababu ya zile shisha, taa zangu nazo zikahesabiwa moja moja. Risiti zilikuwa zimechanganyika, nyingine sikuwa nazo. Nilikaa pale karibu saa nne, nikalipa ushuru wa taa. Kurudi nyumbani wateja wanne wanataka pesa zao, na zile pesa nilikuwa nimeshanunulia shisha. Mama yangu akanikopesha kutoka kwa hela za chama. Hiyo ndiyo aibu iliyoniuma zaidi, kwa sababu zamu yake ya kupokea ilikuwa imebaki wiki mbili.

Baada ya hapo nikakaa chini nikasoma na kuuliza. Haya ndiyo niliyojifunza.

ULIZA KWANZA KAMA KINARUHUSIWA, SIO USHURU NI NGAPI

Mimi niliuliza watu "ushuru wa shisha ni ngapi?" Swali lilikuwa kosa. Ushuru unalipwa kwa kitu kinachoruhusiwa. Kilichopigwa marufuku hakina bei ya kukitoa, kinachukuliwa tu.

Na kwetu huku Afrika Mashariki shisha ina matatizo karibu kila upande. Kenya ilitoa kanuni za kuipiga marufuku Desemba 2017: kuingiza, kutengeneza, kuuza, kutangaza na hata kuvuta. Adhabu iliyowekwa ni faini hadi shilingi 50,000, au kifungo hadi miezi sita, au vyote viwili. Rwanda nayo iliipiga marufuku mwezi huohuo. Uganda imo ndani ya sheria yao ya tumbaku ya 2015, iliyoanza kazi Mei 2016. Tanzania serikali ilitangaza marufuku Julai 2016. Kwa hiyo usifikiri ukikataliwa Mombasa utapitishia Namanga au Malaba.

"LAKINI MAHAKAMA SI ILIWAACHILIA?"

Hili naulizwa sana. Ni kweli, Januari 2024 mahakama ya Shanzu hapa Mombasa iliwaachilia watu 48 walioshtakiwa kwa mambo ya shisha, ikasema zile kanuni hazikupelekwa Bungeni inavyotakiwa. Upande wa serikali wakasema marufuku iko palepale. Sasa wewe fikiria: mawakili na mahakimu wanabishana, na wewe uko na begi moja na mtaji wa elfu hamsini. Hata ukija kushinda, mzigo umekaa, wakili amekula, mteja amekimbia. Waache wenye hoteli wapigane hiyo vita.

ZILE GRAMU 250 SIO ZAKO KAMA UNAUZA

Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inampa abiria wa miaka 18 na zaidi nafasi ya kuingiza sigara, sigaa, tumbaku na ugoro bila ushuru, vyote kwa pamoja visizidi gramu 250. Watu wanaisoma hapo wanafurahi. Lakini kuna mambo mawili.

Kwanza, nafasi hiyo ni ya vitu vyako binafsi. Ukishachukua arubuni ya mtu, hiyo ni bidhaa, hata ikiwa gramu kumi. Hii ni kwa kila kitu tunachobeba, sio tumbaku tu. Manukato ya oda, simu ya oda, nguo za oda, zote ni biashara. Pita njia nyekundu, tangaza, toa risiti. Pili, nafasi ya ushuru haifuti marufuku. Kitu kikikatazwa, hata gramu moja haina msamaha.

MZANI HAUTENGANISHI ASALI NA TUMBAKU

Tumbaku ya shisha ni nzito kwa sababu imelowa sharubati na glisarini. Jamaa mmoja aliniambia, "Tumbaku yenyewe humo ni kidogo, waambie." Haisaidii. Kinachopimwa ni mzigo ulivyo. Na usijaribu kuandika "ladha ya matunda" kwenye karatasi. Forodha za dunia zinatumia namba za pamoja za bidhaa, na tumbaku ya shisha ina namba yake yenyewe, 2403.11. Maelezo yake yanataja tumbaku iliyochanganywa na glisarini, iwe na ladha ya matunda au la. Maana yake mbinu yako waliijua kabla hujaifikiria.

UKITUMWA KUPELEKA NJE

Wengine tuna wateja Ulaya na wanatuma ndugu anayesafiri. Uingereza, na nchi nyingi za Umoja wa Ulaya kwa anayeingia kwa ndege kutoka nje ya umoja, zinaruhusu msafiri wa miaka 17 na zaidi gramu 250 za tumbaku ya kuvuta, na ni badala ya sigara 200, sio juu yake. Ukiwa na pakiti mbili za sigara mfukoni ushaanza kuila nafasi yako. Kopo moja la kilo ni mara nne ya kiwango. Singapore ndio kabisa: tumbaku haina msamaha wowote kwa msafiri, na shisha ilipigwa marufuku tangu Novemba 2014. Kama ndege inapitia mahali na unatoka uwanjani kulala, hesabu sheria za hapo pia.

MKAA USIUGUSE

Mkaa wa shisha, hasa ule wa kuwaka haraka kwa kiberiti, ni kitu hatari kwenye ndege. Unaweza kuwaka wenyewe. Mashirika ya ndege yanaukataa, kwenye begi la mkononi na la chini. Na shisha iliyotumika usiibebe na masizi yake. Mabaki meusi ndani ya bomba yanakaribisha maswali ambayo hutaki kuyajibu saa nane usiku.

CHOMBO KITUPU JE?

Kuna wanaosema, "Mimi nauza chombo tu, ni pambo." Mimi mwenyewe nilisema hivyo, mkaona nilivyojibiwa. Kama kweli unataka kuleta chombo bila tumbaku, waulize forodha kwa maandishi kabla ya safari na ubebe jibu lao lililochapishwa. Ukikosa jibu, acha.

PICHA NI TANGAZO

Hii wengi hawaijui. Kanuni za Kenya hazikatazi kuuza peke yake, zinakataza kutangaza pia. Ukiweka picha ya shisha na bei kwenye ukurasa wako umeshatangaza, hata kama stoo hakuna kitu. Na umeacha ushahidi wenye jina lako na namba yako ya malipo chini yake. Mimi nilifuta zile picha zote siku ileile.

ARUBUNI USILE KABLA YA KUULIZA

Sasa hivi mteja akiniambia "nibebee," simwambii bei hapohapo. Namwambia, "Nipe mpaka kesho." Naangalia mambo matatu: kinaruhusiwa kuingia? Kinaruhusiwa kwenye ndege? Ushuru wake ukiongezwa, bado nina faida? Yote matatu yakiwa ndiyo, ndio napokea arubuni, na inakaa kwenye laini nyingine mpaka mzigo upite forodha. Risiti za kila oda naweka kwenye bahasha yake.

Wateja wawili kati ya wale wanne walirudi. Mmoja alinunua taa, mwingine chetezo cha elfu moja na mia tano. Faida ndogo, lakini nililala usingizi. Na chama cha mama nilikilipa siku moja kabla ya zamu yake.

Kama una mwenzako anapanda ndege mwezi huu, mtumie hii kabla hajafunga begi.