Lambda na mwelekeo ambao hakuna aliyeupanga

Je, wajua kwamba kuna chembe ambayo ikifa hutoboa siri ya upande iliokuwa imeelekea? Inaitwa Lambda. Ni ndugu wa protoni, mzito kuliko protoni kwa karibu asilimia 19, na imeundwa kwa kwaki tatu: u, d na s. Haifikishi hata sehemu moja ya bilioni ya sekunde, nayo imeshavunjika. Kwa kuwa haina chaji, haiachi alama kwenye kigunduzi. Kinachoonekana ni nafasi tupu, kisha ghafla mistari miwili inachomoza pasipo na kitu na kuchora herufi V: mmoja wa protoni, mwingine wa paioni hasi.

Lambda ina spini. Wengi huifananisha na pia inayozunguka, na mfano huo unasaidia kuelewa kwamba spini ina mhimili na mwelekeo. Lakini usiushikilie sana, maana ndani ya Lambda hakuna kinachozunguka kama pia.

Inapovunjika, kazi hufanywa na nguvu dhaifu, ambayo tangu 1957 inajulikana kuwa hubagua kushoto na kulia. Ndiyo maana protoni hupendelea kuruka upande inakoelekea spini ya Lambda. Mapendeleo yenyewe ni madogo. Chukua Lambda ambazo spini zake zimeegemea upande mmoja kwa asilimia 20 tu: katika kila protoni 100, kama 54 zitaenda upande huo na 46 upande wa pili. Tofauti hiyo haionekani mpaka uhesabu maelfu ya V.

Mwaka 1976, huko Fermilab karibu na Chicago, watafiti walizihesabu. Walikuwa wamepiga shabaha ya berili kwa protoni zenye nishati ya elektronivolti bilioni 300. Spini za protoni hizo hazikuwa zimepangwa, na za shabaha vilevile. Katika vurugu kama hiyo, wengi walitarajia spini za Lambda zielekee huku na huko bila mpango. Hazikufanya hivyo. Ziliegemea upande mmoja, wima juu ya bapa lililochorwa na njia ya protoni na njia ya Lambda yenyewe, na kadiri Lambda ilivyosukumwa pembeni ndivyo ilivyoegemea zaidi, hadi kupita asilimia 20. Miaka miwili baadaye wananadharia walikokotoa kwa kutumia nadharia ya kwaki na kupata kiasi kidogo mno, kisichokaribia kile kilichopimwa.

Kinachonivutia zaidi ni pacha wake wa antimata, anti-Lambda. Anti-Lambda zilizozaliwa katika migongano ya namna hiyo hazikuonyesha kuegemea kokote. Lambda huweza kurithi u na d kutoka kwa protoni iliyogonga; antikwaki zote za anti-Lambda ni mpya kabisa. Basi wengi wakaitupia macho protoni inayoingia, na s inayozaliwa mgonganoni, kwani ndiyo inayobeba karibu spini yote ya Lambda.

Halafu mwaka 2019 kundi la watafiti la Belle, huko Tsukuba, Japani, likatangaza kwamba Lambda huegemea hata zinapotoka kwenye mgongano wa elektroni na pozitroni. Humo hakuna protoni iliyoingia. Kwa hiyo angalau sehemu ya chanzo iko mwishoni, pale kwaki zinaposhikana na kuwa chembe, hatua ambayo hesabu zetu bado huipita kwa makadirio.