Baridi ya Njombe haitaki koti moja

MKAZI wa Ilala anayepokea simu ya msiba kutoka Njombe mwezi Julai huwa na saa chache tu za kujiandaa. Hutafuta nauli, huomba ruhusa kazini, hutia kanga mbili au suruali moja kwenye begi na kuwahi basi. Alfajiri ya pili, akiwa amejilaza kwenye mkeka pamoja na waombolezaji wenzake, ndipo anapotambua alichokisahau.

Kipupwe, yaani Juni hadi Agosti, ndio msimu ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) huitaja mikoa ya Nyanda za Juu Kusini kuwa yenye baridi kali kuliko mingine. Asubuhi joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na katika maeneo ya juu ya Makete, karibu na Kitulo, majani huamka yamefunikwa na umande ulioganda. Hata hivyo, ifikapo saa saba mchana jua huwaka hata mgeni akatafuta pa kuliweka koti lake.

Sababu ya kwanza ni mwinuko. Dar es Salaam iko usawa wa bahari, ilhali mji wa Njombe uko takriban mita 2,000 juu yake, na kwa kawaida joto hupungua kwa nyuzi sita hivi kila mita 1,000. Sababu ya pili ni anga. Mawingu huizuia ardhi isipoteze joto lake usiku. Yasipokuwapo, joto hupotea hadi alfajiri. Anga hiyo hiyo nyeupe ndiyo inayoliachia jua la mchana lichome bila kizuizi.

Kwa hiyo kosa la wengi ni kununua koti moja zito. Ukilivaa mchana unatoka jasho. Ukilivua unabaki na fulana. Nguo nne nyepesi zinafaa zaidi: fulana, shati la mikono mirefu, sweta, kisha jaketi lisilopitisha upepo. Hewa inayonaswa baina ya nguo hizo ndiyo inayotunza joto, nawe huvua au kuongeza kadiri saa zinavyokwenda. Fulana ya pamba iliyolowa jasho mchana ibadilishwe kabla ya jua kuzama, kwani pamba mbichi huunyonya mwili joto. Sufu hustahimili unyevu vizuri zaidi.

Nguo hizo hazihitaji fedha nyingi. Katika soko la Mchikichini, ambalo wengi tunaliita Karume na ambalo liliteketea kwa moto Januari 2022, mitumba ya nchi za baridi huuzwa mwaka mzima. Sweta lijaribiwe juu ya shati, si juu ya fulana, na zipu ya jaketi ifungwe hadi shingoni kabla ya kulipa. Kina mama wanaolazimika kuvaa kanga msibani hufanya vyema kuvaa taiti nzito ndani ya gauni, hakuna atakayeiona. Soksi ziwe jozi mbili, moja ya kulalia tu, na kofia ya sufu isisahauliwe, hasa kwa mtoto mchanga.

Aidha, sweta lisiwekwe kwenye begi linaloingia buti la basi. Abiria huondoka kituo cha Mbezi Luis akijipepea, lakini basi likishamaliza kuupanda Mlima Kitonga na kuelekea Mafinga, hasa giza likiwa limeingia, dereva hatasimama ili yeye afunguliwe buti.

Asiyejiandaa kwa nguo hushawishika kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala hapati dalili ya kumwamsha. Jiko hilo libaki nje, hata mwenyeji akisema wao wamelizoea.