Ndege zilizoundwa kumpiga Hitler zilivyoshindwa na msitu wa Nyandarua

Mapema mwaka wa 1953, miezi michache baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari, kikosi kidogo cha ndege za Harvard kilitua Thika kikitokea Rhodesia Kusini. Kilitumwa kuwasaka wapiganaji wa Mau Mau.

Harvard haikuundwa kupigana. Ilikuwa ndege ya mafunzo, ambamo maelfu ya marubani walijifunza kazi kabla ya kukabidhiwa Spitfire na kwenda kupambana na Wajerumani. Nchini Kenya ilifungwa bunduki moja ya rashasha na mabomu manane, kila moja likiwa na uzani wa kilo tisa hivi.

Mbele ya Messerschmitt Bf 109 ya Mjerumani, iliyopita kilomita 500 kwa saa, Harvard isingedumu, kwa kuwa haikufika 350. Lakini hata Messerschmitt ilikuwa na dosari yake: mafuta yake yalikuwa machache, hivyo mwaka wa 1940 ilipofika London ilipigana kwa dakika chache tu kabla ya kulazimika kugeuka. Juu ya Nyandarua, ambako Mau Mau hawakuwa na ndege wala mizinga ya kutungulia, mwendo wa pole wa Harvard uligeuka kuwa faida. Rubani aliweza kukunja kona ndani ya mabonde. Shida ilikuwa mabomu yenyewe, yaliyokuwa madogo mno kwa msitu mnene namna ile.

Ndipo Novemba 1953 zikaletwa Lincoln katika uwanja wa Eastleigh, Nairobi, mwendo mfupi kwa ndege kutoka Ruiru na Thika. Lincoln, mrithi wa Lancaster, ilikuwa na injini nne na ilibeba zaidi ya tani sita za mabomu. Ilikusudiwa kubomoa miji na viwanda vya adui, ila ilianza kazi Agosti 1945, Ujerumani ikiwa imekwisha kusalimu amri.

Nyandarua hakukuwa na kiwanda cha kubomoa. Kulikuwa na kambi za watu wachache waliohama kila mara chini ya mianzi, katika milima inayofikia mita 4,000 na kufunikwa na mawingu sehemu kubwa ya siku. Rubani wa Lincoln hakumwona aliyemlenga. Alitegemea ndege ndogo za polisi wa akiba zimwonyeshe shabaha, na mlio wa ndege hizo ulikuwa onyo tosha kwa waliokuwa chini. Ndovu na nyati waliumia pia, na mnyama aliyejeruhiwa ni hatari kwa kila apitaye msituni, askari au mpiganaji.

Ndege zilizokuwa na manufaa zaidi, pengine, ni zile zilizofungwa vipaza sauti na kuruka zikiwataka wapiganaji wajisalimishe. Hata hivyo, kilichowaumiza zaidi Mau Mau kilifanyika ardhini: msako wa Nairobi wa Aprili 1954, vijiji vya lazima walimokusanywa zaidi ya watu milioni moja, na handaki refu lililochimbwa kwa kazi ya kushurutishwa kandokando ya msitu ili chakula kisipite.

Lincoln na Harvard ziliondolewa mwaka wa 1955. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 21, 1956, ukingoni mwa msitu karibu na Nyeri, baada ya kupigwa risasi na askari wa kienyeji aliyekuwa akishika doria kwa miguu.