Ua Lipi Litamdhuru Mbwa?

Kitalu changu kiko kando ya barabara itokayo Kitale kwenda Kiminini, na siku hizi swali la kwanza la wateja mara nyingi si bei. Ni mbwa. Wateja wa Bungoma hasa, waliojenga Kanduyi na ambao mbwa wao hulala barazani, huinua chungu wakaniuliza, "Mama, mbwa akila hili je?"

Mara nyingi huwa wameshika mmea wa buibui, ule wa majani membamba yenye mstari mweupe katikati. Si sageti, ile mboga ya kupika. Mmea huo wa chungu hauna sumu kwa mbwa. Akiula mwingi atatapika kidogo, basi. Mbwa wangu amevinyofoa vitoto vyote vinavyoning'inia upande anaoufikia, na hajawahi kuugua kwa ajili hiyo.

Difenbakia yenye majani mapana ya madoa meupe ni habari nyingine. Ndani ya jani mna chembe za kalsiamu oksaleti zilizochongoka kama sindano. Mbwa akilitafuna, zinafyatuka na kumchoma ulimi na fizi. Atatokwa mate, atajiparura mdomo, na ulimi waweza kuvimba. Mani-planti inayotambaa dirishani inazo hizohizo. Lakini maumivu hayo humfanya aache mapema, na ni nadra afe. Mwoshe mdomo kwa maji safi, umpe ya kunywa, na ukiona anahema kwa shida mkimbize kwa daktari. Sansevieria, na alovera tunayoikatia kuku kwenye maji, humletea kutapika na kuhara.

Ninachokiogopa mimi kiko nje, langoni. Saikasi, ile inayofanana na mnazi mfupi, watu huipanda mbili mbili mbele ya nyumba mpya. Yote ni sumu, na mbegu zake ndizo mbaya zaidi: moja au mbili zaweza kumuua mbwa. Hutapika mapema, halafu ini huanza kushindwa siku mbili tatu baadaye, wakati mwenyewe anadhani yamekwisha. Usisubiri uone.

Kuna pia brunfelsia, kichaka ambacho maua yake hufunguka ya zambarau, yakafifia hadi kuwa meupe kwa siku chache. Ni kizuri, na baridi yetu ya Kitale inakifaa. Lakini mbwa huyapenda matunda yake, nayo humtia mtetemeko na degedege mfano wa kifafa. Mbarika iliyojiotea nyuma ya choo nayo ing'oe; punje zake zikitafunwa zaweza kuua.

Watu wetu wakishuku sumu hukimbilia maziwa. Mbwa mwenye degedege usimmiminie kitu chochote mdomoni, kwa sababu chaweza kuingia mapafuni. Wala usimlazimishe kutapika kwa maji ya chumvi. Chumvi nyingi nayo ni sumu kwake. Kata tawi la mmea aliotafuna, pamoja na tunda au mbegu kama ipo, ulitie kwenye mfuko, umchukue mbwa kwa daktari wa mifugo. Kama uko mbali, tuseme ndani kabisa Kimilili, mpigie daktari simu kabla ya kutoka nyumbani na umtumie picha ya jani, kisha umwambie mbwa ana uzito gani, amekula kiasi gani na saa ngapi.